Aliyelikunja Shati

Kwetu Upare ya Kusini, mtu akitaka kuingia ndani ya ndiva huvua shati na kumpa aliyebaki ukingoni. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe tunalolichimba mlimani ili maji ya kijito yalale humo usiku, asubuhi yafunguliwe yateremke mashambani. Chini kuna tundu, nalo huzibwa kwa gogo na matope. Likigoma kufunguka kwa kusukumwa na mti mrefu, mtu huzama akalizibue kwa mikono. Maji yenyewe ni mekundu, huoni hata kiganja chako, na tundu likifunguka ghafla linavuta mguu. Ndiyo maana shati linashikwa. Anayelishika haliweki chini, halitundiki mtini, hajitupii begani. Kila anayefika akiona shati mkononi mwa mtu anajua kuna mwingine majini, na hakuna atakayegusa jiwe wala mfereji. Mwenyewe akitoka hulichukua kwa mkono wake.

Sijui nani alianzisha. Mimi nililikuta jambo hili lipo. Baba alinishikia shati, nami nikamshikia mdogo wangu, na huyo mdogo wangu ndiye aliyekuja kuwa hodari kutuzidi wote. Alikuwa akikaa chini ya maji mpaka mama, aliye juu huko kwenye migomba, anaanza kuita jina lake. Halafu anaibuka, tope limejaa puani, anacheka. "Mama, bado nipo!"

Ninaandika haya kwa sababu watu wa kwetu wameyasikia nusu, na nusu nyingine wameijaza wenyewe. Mimi niliishia darasa la saba. Nitasema nilichokiona na nilichokifanya, pamoja na yale ambayo mchungaji wetu angependa niyanyamazie.

Aliyetupeleka baharini ni mtu wa Ugweno, upande wa Mwanga, Mpare mwenzetu. Nitamwita Kiongozi, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake: kuwaongoza wageni wanaozama na mitungi ya hewa mgongoni kwenda kutazama matumbawe. Alikuja kijijini kwetu kumzika shangazi yake aliyeolewa huko. Kesho yake pembe ililia kutuita kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope la ndiva, naye akaja kutazama na viatu vyake vya mjini. Mimi nilikuwa na beleshi. Mdogo wangu akavua shati, akaangaza huku na huku, akamtupia yeye.

Alilidaka. Akalishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, kama inavyotakiwa, na hakuliweka chini hata alipoletewa kikombe cha chai. Alikikataa kwa kutikisa kichwa. Mama alimwona, akasema, "Huyu amelelewa."

Mdogo wangu alipoibuka, Kiongozi akamkabidhi shati lake. "Bwana mdogo, mapafu haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye makande. Ninyi wa Ugweno mnakula ndizi laini, ndiyo maana mnahema mkipanda ngazi."

"Na ninyi makande mnapika mpaka harusini! Mgeni anatafuna hadi bibi harusi anazeeka."

Watu walicheka mpaka mwenye pembe akasahau kupuliza. Baada ya hapo tuliondoka naye, mimi na mdogo wangu, tukaacha tangawizi shambani.

Kisiwani alikofanya kazi tulianza kwa kubeba mitungi na kuijaza hewa kwa mashine. Kisha Kiongozi akatufundisha kuzama. Mdogo wangu hakufundishwa sana. Alifundishwa kupumua tu, maana alizoea kuziba pumzi. Ilipofika zamu yetu ya kwenda Kilele tulikuwa tumekwisha kuwa wasaidizi wake.

Kilele hakionekani kutoka juu. Boti hutoka kisiwani asubuhi, huenda mpaka ardhi ipotee pande zote, halafu nahodha huzima injini mahali ambapo wewe unaona ni maji kama maji mengine. Unavaa mtungi, unauma mpira wa kupumulia, unajiangusha kinyumenyume. Kwanza ni buluu tupu. Kisha chini yako mlima unaanza kutokea, na unaushukia kwa kichwa, kama mwewe. Maisha yangu yote nilikuwa nimeitazama milima kutoka chini, au nimesimama juu yake nikitazama tambarare ya Kihurio. Sikuwahi kuwa juu ya mlima bila kuukanyaga. Mara ya kwanza nililia ndani ya miwani.

Juu kabisa matumbawe yamebanana kama kabichi shambani, na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wanapanda na kushuka juu yake wote kwa pamoja. Mabegani yanaota yale matumbawe laini, mekundu na ya zambarau, ambayo hulala kama matambara, lakini mkondo ukianza kupita hujaa na kufunguka. Kolekole wanazunguka kwa makundi. Kulikuwa na chewa mkubwa kama ndama aliyekaa mlangoni mwa pango lake akituangalia kama mzee wa baraza aliyesusa. Upande wa mashariki mwamba unakatika na kushuka kwenye giza ambalo hakuna mtungi utakaokufikisha.

Na mlima ule una ukungu wake. Kuna siku maji mazito ya kijani yanakuja na mkondo, yanakifunika Kilele kwa muda mfupi tu, na mwenzako aliye hatua chache kutoka ulipo anapotea.

"Hapa si pa kujipandia ovyo," Kiongozi alituambia. "Mkondo ukikuchukua, boti haikuoni. Maji yakichafuka ukatupoteza, shika mwamba, kaa hapohapo. Mimi nitarudi kukuchukua."

"Kama ukungu wa Shengena," mdogo wangu akasema.

"Hasa. Kama Shengena."

Baba alitufundisha hivyohivyo. Ukungu ukikukuta msituni kule Shengena, kumbatia mti, usitembee. Uliyekuja naye atakurudia. Baadaye nilikutana na wazamiaji wengine wakaniambia wao hufundishwa tofauti: tafuta kidogo, usipomwona mwenzako panda taratibu. Sisi tulifundishwa na yeye. Na tulimwamini upesi kwa sababu maneno yake yalifanana na ya baba.

Mdogo wangu hakuacha desturi ya shati. Kabla ya kujiangusha alilivua na kunipa kama nimebaki botini, au alimpa nahodha, mzee wa pwani, ambaye mwanzoni alimtania, "Mimi kamba ya nguo?" lakini alilishika. Siku alizokosa wa kumpa, nahodha akiwa ameshika usukani, alilitandaza kwenye benchi la mbele, mikono ameipanua, ili kila mtu alione.

Siku aliyokufa mimi nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa anaumwa nami nilikuja kumvunia tangawizi. Simu ilinikuta shambani.

Walimpata kesho yake. Alikuwa amekaa kwenye bega la Kilele, mkono wa kushoto ameupitisha kwenye tundu la mwamba mpaka kiwikoni ili mkondo usimng'oe. Geji ya mtungi ilikuwa kwenye sifuri. Mpira ulikuwa bado mdomoni. Nahodha ndiye aliyeniambia haya, kwa sababu ndiye aliyeuleta mwili mpaka mlimani, yeye na vijana wawili wa boti. Kiongozi hakuja. Yule aliyesafiri kuja kumzika shangazi yake alishindwa kuja kumzika mtu aliyekuwa akila naye sahani moja. Alituma maelezo: marehemu alionyeshwa ishara ya kupanda akakaidi, akaenda kuzurura peke yake.

Maneno hayo yalifika kijijini kabla ya jeneza. Matangani niliyasikia yakipita kutoka benchi hadi benchi. "Mtoto wa mlimani alifuata nini baharini?" "Kiburi. Tangu utotoni alikuwa anajionyesha kule ndiva." Mama naye aliyasikia. Tulimzika kwenye migomba, karibu na baba.

Siku ya tatu mama alifungua begi la mdogo wangu, lililoletwa pamoja na mwili. Juu kabisa kulikuwa na shati. Limekunjwa vizuri, mikono imeingizwa ndani, kola imekaa kama ya dukani.

"Nani amelikunja hili?" mama akauliza.

Mdogo wangu hakuwahi kukunja nguo maisha yake yote.

Nikamchukua nahodha nyuma ya nyumba, penye banda la mbuzi.

"Baba, shati hili alilikunja nani?"

Mzee aliinama. "Mwanangu, nilidhani hutaniuliza."

Siku hiyo kulikuwa na boti mbili Kilele, akasema. Maji yalichafuka, mawimbi yakapanda, wageni wakaanza kutapika. Kiongozi alipanda nao. Nahodha akamuuliza, yule kijana wetu yuko wapi? Kiongozi akatazama benchi. Shati lilikuwa pale, limetandazwa. Akalichukua, akalikunja, akalitia begini, akasema, "Amepanda boti ile nyingine. Tuondoke."

"Alimwona akipanda?"

"Boti ile ilikuwa mbali, mwanangu. Hata mimi sikuona. Lakini alilikunja kwa utulivu, nikadhani anajua. Wallahi, nikadhani anajua."

Kwa hiyo mdogo wangu alikaa akimngoja kama alivyoagizwa, na aliyemwagiza alikuwa ameketi kwenye benchi anawagawia wageni tangawizi ya kutuliza tumbo, tangawizi ya kwetu. Angekuwa mtu wa mbali ningesema hakujua maana ya shati. Huyu alijua. Alilikunja kwa sababu alijua. Lingebaki limetandazwa pale, asingeweza kulitazama njia nzima.

Mjomba alitaka tuvunje chungu, tumwapize afe yeye na uzao wake. Mama akakataa, akasema watoto wake hawana kosa. Mchungaji alikuja na neno la kusamehe saba mara sabini. Nilimsikiliza mpaka mwisho na kumsindikiza hadi barabarani. Mimi sikutaka chungu, wala sikutaka kusamehe. Nilitaka akae pale alipokaa mdogo wangu. Niliwaza hivyo nikichota maji, nikipanda tangawizi, nikiwa kanisani wakati wa wimbo. Niliota nikiwaza hivyo. Mwisho nikarudi kisiwani, nikaomba kazi.

"Pole sana, ndugu yangu," Kiongozi akaniambia. "Kazi ya Mungu."

"Asante," nikasema.

Akanipa kazi. Nilibeba mitungi, nilimfulia jaketi la kuelea, nilimcheka akitania. Wenzangu walisema mimi ni mtu mpole. Nahodha peke yake alinitazama kwa jicho lingine.

Upepo wa kusi ulipokwisha, ikaonekana kamba ya boya la Kilele imekatika, kama inavyokatika kila mwaka. Wageni hawapelekwi mpaka itengenezwe. Wanatakiwa watu wawili: mmoja anakwenda upande wa mashariki kutafuta pete ya chuma iliyotiwa mwambani na kufunga kamba mpya, mwingine anabaki juu ya Kilele kwenye kamba ya boti. Kati yao kuna kamba nyembamba. Mmoja anaifunga kifundoni mwa mkono, mwingine anashika mwisho wake. Ukivuta mara moja unauliza, upo? Mwenzako anavuta mara moja: nipo.

"Nitakwenda na huyu," Kiongozi akasema, akaniweka mkono begani. "Hana papara."

Chini, kila kitu kilikuwa kama zamani. Yule chewa alikuwapo. Kiongozi akafunga kamba kifundoni, akanipa mwisho, akateremka pembeni akiburuta kamba nene. Nikapiga magoti kati ya matumbawe, mkono mmoja kwenye kamba ya boti, mwingine kwenye kamba yake. Akavuta, nikajibu. Kutoka pale nililiona lile bega la mwamba na lile tundu. Nilikuwa sijaliona tangu mdogo wangu afe. Lilikuwa tundu la kawaida, samaki mdogo anaingia na kutoka.

Halafu maji ya kijani yakaja.

Nilimpoteza hapohapo. Nikaona mapovu yake tu yakipanda, kisha hata hayo yakamezwa. Kamba ikavutwa mara moja: upo?

Sikujibu.

Ikavutwa tena. Nikafungua kidole cha mwisho, na kile kinachofuata. Kamba ikabaki kwenye vidole viwili na gumba. Naandika hili kama lilivyokuwa: moyo wangu ulikuwa umetulia kuliko siku yoyote tangu mazishi. Ikavutwa, ikavutwa, haraka haraka, sasa bila mpango. Nilihisi hofu yake ikipanda kwenye kamba kama samaki anavyohisiwa kwenye mshipi. Nikasema ndani ya kichwa: vuta. Ngoja. Shika mwamba ukae, nitarudi kukuchukua.

Kilichonizuia si Mungu, wala si huruma. Nilimwona kwenye jeneza. Niliona Ugweno nzima imekusanyika, watu wanasema alikuwa hodari, alifia kazini, na ule uongo wake unateremshwa pamoja naye kaburini, na mdogo wangu anabaki mkaidi milele. Nikaona atakuwa amenikimbia.

Nikafunga vidole, nikavuta mara moja: nipo.

Alikuja akiifuata kamba kama mtoto anayetambaa. Alipoufikia uso wangu nikaona macho yake nyuma ya kioo. Nikamwonyesha lile tundu kwa kidole, taratibu, nikakiacha kidole pale mpaka alipotazama. Kisha tukapanda.

Botini alitema mpira, akatapika maji ya chumvi. "Ulilala?"

"Sikulala."

"Nimevuta mpaka kifundo kimechubuka! Hukusikia?"

"Nimesikia mara zote."

Nahodha alikuwa na mkono kwenye injini, hakuiwasha.

"Ulitaka kuniua," Kiongozi akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ndiyo. Hata sasa nataka. Lakini nataka zaidi uje kwetu, usimame mbele ya mama, useme nani alilikunja shati."

Akamtazama nahodha, akajua nimejulia wapi. "Nikisema hivyo, kazi yangu imekwisha."

"Imekwisha."

"Na watu wenu watanipiga."

"Huenda."

"Nenda, bwana," nahodha akasema. "Usipokwenda, nitakwenda mimi kuyasema, na mimi sitakufichia hata chembe."

Alikuja siku ya msaragambo, kwa gari la kutoka Same. Nilimchagulia siku hiyo makusudi, kwa sababu siku hiyo watu wote wanakuwa kwenye ndiva, wale wa mabenchi ya matangani wote, na mabeleshi yao mkononi.

"Shikamoo mama," akasema.

Mama hakuitika. Sijawahi kumwona mama akiacha shikamoo ya mtu ianguke chini, hata ya mlevi. Watu wakaacha kuchimba.

Akasimama ukingoni akasema yote. Mwanzoni alianza kuzungukazunguka, mawimbi, wageni, mkondo, mpaka bibi mmoja akamkatiza: "Mawimbi tumeyasikia. Shati!" Basi akalisema shati. Akasema mdogo wangu hakukaidi. Alikaa pale alipoambiwa akae. Kuna mwanamume mmoja, ambaye matangani ndiye aliyesema kiburi, alikaa chini kwenye tope kama aliyepigwa mgongoni. Kijana mwingine akainua mpini wa beleshi. "Mwacheni," nikasema. "Ni wangu."

Mama alikuwa amelileta shati. Sikumwambia alilete. Alilitoa kwenye khanga, bado limekunjwa vilevile, maana hakukubali mtu alikunjue tangu siku ile. Akalikunjua mbele yake, mkono huu, mkono huu, akalipangusa, akamnyooshea.

"Siku ile ulilishika vizuri. Nilikuona. Shika tena."

Akalipokea kwa mikono miwili. Nadhani alidhani anasamehewa, kwa sababu alianza kulia.

"Asante, mama. Nilishike mpaka lini?"

"Wewe ni Mpare," mama akasema. "Mpaka mwenyewe atoke."

Akageuka, akapanda kurudi kwenye migomba. Kiongozi akabaki pale, shati mbele ya tumbo, akatazama watu mmojammoja, kama atapata wa kumpokea. Kila aliyetazamwa aliinamia tope. Gari lilipopiga honi akashuka nalo hivyohivyo, na kwa kuwa hakuweza kufungua mlango, dereva alishuka akamfungulia.

Kazi ya kuzama na wageni ameiacha. Nahodha ananipigia simu mara kwa mara, anasema Kiongozi shati bado analo, amelitundika mara moja tu akashindwa kulala. Ameniomba kupitia kwa nahodha, si mara moja, amrudishie mama, au alilete alilaze kaburini. Mchungaji naye ameniomba kwa niaba yake, akanikumbusha kuwa mimi hushiriki meza ya Bwana.

Juzi pembe ililia tena. Mtoto wa jirani alizama kuzibua tundu, nami nikamshikia shati. Alipotoka akalichukua, mikono yangu ikawa mitupu, nikamfikiria yule wa Ugweno. Simu iliita nikiwa bado pale ukingoni. Nilijua ni nahodha, na nilijua atakachouliza.

"Bado," nikamwambia. "Mwambie hajatoka."